Gitaa la Mzee Solo ni la Mti Gani

Kijiwe cha nje ya karakana ya Randa hakikuwa na kitu cha kumsimamisha mpita njia: benchi moja refu lisilo na mgongo, limeegemezwa ukutani, mbao zake zimegeuka kijivu kwa mvua na kung'aa kwa suruali za watu, jiko la mkaa la Mama Dele, na juu yake hilo dele la kahawa lililompa jina, mlango wa karakana unaotema maranda mpaka barazani, na kwenye pembe ya baraza, cherehani ya Pindo, fundi nguo, ambaye hakuwahi kukaa kwenye benchi lakini hakuna neno la benchi lililompita. Waliokaa walikuwa walewale. Randa mwenyewe, seremala, akitoka na kuingia na penseli sikioni. Wembe, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa na methali kwa kila tukio, na kila mara ilikuwa methali ya tukio jingine. Na Gia Tano, dereva wa lori, ambaye safari zake zilikuwa fupi kuliko stori zake. Jambo likifika pale, hata liwe la mwezini, haliondoki bila kuelezwa, na likielezwa mara ya pili huwa limeshaota mapembe.

Asubuhi ile jambo lililofika lilikuwa la Pindo mwenyewe. Alikuja amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwenye shuka, akitembea polepole kama mtu aliyebeba mgonjwa. Akakilaza kwenye benchi, katikati ya Wembe na Gia Tano, akafungua shuka. Lilikuwa gitaa la umeme, jeusi tii, rangi yake nene kama ya gari. Pembe yake ya chini ilikuwa imevunjika, na ufa ulipanda kutoka pale hadi mahali shingo inapofungwa kwenye kiwiliwili. Vipande vingine alikuwa navyo mfukoni. Vingine vilifagiwa na watu walioingia mbio siku lilipoanguka.

Hakuna aliyeuliza ni la nani. Mzee Solo, baba yake Pindo, alikuwa amelipiga gitaa lile kwenye harusi za nusu ya watu waliokuwa wakipita barabara ile, na watoto wa harusi hizo sasa walikuwa na watoto wao. Kiharusi kilimkuta sebuleni amelipakata. Wakaanguka pamoja, gitaa chini, yeye juu. Mzee aliinuliwa, lakini mkono wa kulia haukuinuka naye, na maneno pia yalibaki hukohuko. Likamsalia neno moja tu, na hakuna aliyejua kwa nini likawa hilo: kesho. Ukimwuliza chai au uji, kesho. Ukimwuliza panapouma, kesho. Pindo alikuwa amejifunza kuisoma ile kesho kwa mlio wake, kama mama anavyosoma kilio cha mtoto mchanga: kuna kesho ya njaa, kuna kesho ya hasira, na kuna kesho ya mtu anayetazama dirishani.

Gitaa lilikuwa limekaa chini ya kitanda tangu siku ile, kwa sababu Pindo hakuwa na moyo wa kulitazama. Kilichomfanya alitoe ni kitu alichokiona jana yake, alipoingia na kikombe cha uji. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine, na mkono wa kushoto umeushika kutoka chini. Vidole vya kushoto vilikuwa vinatembea juu ya ule mkono uliokufa. Vinabonyeza, vinaachia, vinateleza, vinabonyeza tena. Ilimchukua muda kuelewa. Mzee alikuwa ameufanya mkono wake mwenyewe kuwa shingo ya gitaa.

Hilo alimnong'oneza Randa peke yake, lakini benchi zima lilisikia.

Randa alilichukua gitaa, akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ufa, akaligonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Akalirudisha kwenye shuka.

— Mimi naunga mbao kila siku, dada yangu. Lakini siungi mti nisioujua.

Akaeleza, na alieleza taratibu kwa kuwa aliona uso wa Pindo umeanguka. Miti ina tabia kama watu. Mmoja ukija msimu wa mvua unakunywa hewa na kuvimba. Mwingine mvua inapita, jua linapita, wenyewe uko vilevile. Ukiwaunganisha hao wawili kwa gundi, wataishi kwa amani mpaka hali ya hewa ibadilike, halafu kila mmoja atavuta upande wake. Kwenye mguu wa meza si neno, unagongea msumari. Hapa ni penye kiungo cha shingo, na nyuzi zinavuta usiku na mchana. Mbao iliyobaki kuzunguka matundu ya skrubu ilikuwa nyembamba. Ingevumilia kukatwa na kuungwa mara moja, si mara mbili.

— Nikikosea mti, alisema, hutaniletea tena gitaa. Utaniletea kuni.

Wembe akashauri aulizwe mwenye gitaa.

— Nilimwuliza, Pindo akasema. Alisema kesho.



Alichokijua Pindo kilikuwa kidogo. Shingo ya gitaa na mitambo yake, baba yake aliviokota kwenye gitaa la kiwandani lililoharibiwa na mafuriko, siku za ujana wake, bendi ikiwa safarini. Kiwiliwili alichongewa na seremala wa mji walikokwama kwa mvua. Seremala yule alikuwa marehemu wa siku nyingi. Marehemu mama yake Pindo alizoea kusema kwamba mumewe aliondoka nyumbani na begi la nguo akarudi na mti.

Basi benchi likashika kazi yake.

Gia Tano alianza, kwa haki ya kuwa amebeba magogo. Alisema kila mti anaujua kwa uzito, maana uzito humwambia gia ya kuweka. Akalinyanyua gitaa kwa mikono miwili, akafumba macho kama anaonja chumvi, akatangaza kwamba huu ni mti wa nchi za theluji, unaolazwa ndani ya maji ya bahari mpaka ujifunze kusikia.

— Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone, akamalizia.

— Nani amepona? Randa akauliza.

Gia Tano akasema hiyo ni methali, haiulizwi maswali.

Wembe hakukubali kwamba kuna mti wowote pale. Kwa maoni yake kile kilikuwa kitu cha karatasi, karatasi iliyosagwa na kushindiliwa kwa mashine kama mbao za makabati ya siku hizi, na ushahidi ni kwamba gitaa lenyewe ni la umeme. Umeme haupiti kwenye mti, hilo hata mtoto analijua. Mama Dele, bila kuinua macho kutoka kwenye mkaa, akamwambia kila msimu wa mvua radi inapasua mti mahali, na radi si mshumaa. Wembe hakupepesa jicho. Akasema sawa, basi gitaa limechongwa kwa mti uliopigwa na radi, na hapo akafurahi mwenyewe kwa jinsi neno lilivyomtoka. Mti uliopigwa na radi huimeza ile ngurumo. Ndiyo maana gitaa la Mzee Solo lilikuwa likilia namna ile, mpaka bibi harusi anasahau kula keki.

— Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, akaongeza, na safari hii ilikaribia kufaa.

Gia Tano hangekubali kupitwa na kinyozi. Akaiacha theluji yake hapohapo, akasema sasa amekumbuka: kuna miji ambako madaraja ya zamani ya mbao yalivunjwa na mafundi wakagawana mbao. Daraja lililopitiwa na miguu ya watu kwa miaka mia haliwezi kukosa mapigo. Mzee Solo aliwahi kutoka nje ya mapigo? Hakuna aliyewahi kusikia. Basi gitaa ni daraja.

Pindo alisikiliza huku akishona. Alikuwa na sare za wanakwaya za kumaliza, kitambaa cha rangi ya udongo, na mguu wake ulikuwa ukikanyaga cherehani bila yeye kuutuma. Siku nyingine maneno yale yangemchekesha. Siku ile yalimpa hofu, kwa kuwa aliona watu wazima watatu wanaompenda baba yake, na hakuna anayejua.

Wakati wenzake wakiruka kutoka mti hadi mti, Randa alikuwa amechukua bisibisi na kufungua kibati cha nyuma ya gitaa, panapopita waya. Mle rangi nyeusi haikufika. Lakini jasho la mikono, moshi wa kumbi na miaka vilifika: mbao ilikuwa ya kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi. Akanusa. Akampa Mama Dele anuse. Haikuwa na harufu ya mti wowote, ilikuwa na harufu ya gitaa. Akasema huenda ni mkangazi. Akaiinamisha juani, akasema au mtiki. Akaitazama tena kwa muda mrefu.

— Sijui, akasema.

Mguu wa Pindo ukasimama juu ya kanyagio. Katika miaka yote aliyoshona kwenye pembe ile, hakuwahi kulisikia neno hilo likitoka kwenye lile benchi.

Randa alichukua patasi nyembamba, akapiga magoti, akaanza kuparua ndani ya ufa, mahali ambapo mbao ilivunjika majuzi na haikuwa imezeeka kwa hewa. Alitaka kufikia rangi ya mbao yenyewe. Yakatoka maranda membamba kama kucha. Upepo wa barabarani ukayabeba, mengine yakaingia kwenye glasi ya maji ya Wembe, aliyopewa ya kusindikizia kahawa. Wembe akalalamika kwamba haraka haraka haina baraka, akaisukuma glasi hadi ukingoni mwa baraza, kwenye jua, akaomba nyingine. Mabishano yakaendelea. Sasa walikuwa wanabishana kama daraja linaweza kupigwa na radi.

Pindo ndiye aliyeiona. Aliinua uso kutoka kwenye sindano, na kwenye kona ya jicho lake pakawa na buluu. Kwanza alidhani ni kitambaa. Akatazama mapajani: rangi ya udongo tupu. Akatazama barabarani kama kuna mtu amepita na ndoo au mwavuli. Hakuna. Akatazama tena glasi. Maji yalikuwa ya manjano hafifu, kama chai ya mtu aliyeishiwa majani, lakini ukingoni, pale jua lilipoyagusa, yalikuwa yanawaka buluu. Si buluu ya rangi iliyotiwa. Ilikuwa kama ile buluu iliyo chini kabisa ya moto wa jiko la gesi.

Akasimama, akaichukua glasi. Alipoivuta kivulini, buluu ikafa, yakabaki maji ya manjano. Akainyoosha juani tena, ikarudi. Akaitoa, akairudisha. 

— Randa, akasema. Njoo uangalie hapa.

 Randa akaja na patasi mkononi. Wembe na Gia Tano wakasimama, Mama Dele akaacha jiko. Wakainama wote watano juu ya glasi moja, vichwa karibu vigongane. Pindo aliwaonyesha bila kueleza: kivulini, juani, kivulini. Mama Dele akatia kidole ndani, akakitoa, akakitazama. Kilikuwa na maji tu.

— Miaka yote hii nauza maji, akasema kwa sauti ndogo.

Wembe akashuku glasi. Ikaletwa glasi nyingine, maji mengine, maranda mengine kutoka ndani ya ufa, yakawekwa juani. Wakasubiri. Kwanza hapakuwa na kitu. Halafu, kutoka kwenye lile randa dogo lililokuwa likielea, ukashuka uzi mwembamba, kama moshi unaoanguka badala ya kupanda, na uzi ule ulikuwa wa buluu. Pindo alijikuta ameshika mkono wa Mama Dele.

Hapo Randa akawa mtu mwingine. Aliingia karakana akatoka na maranda ya kila mbao aliyokuwa nayo sakafuni, kila aina kwenye kiganja chake: mkangazi, mtiki, mvule, msonobari, mkaratusi, na mninga aliokuwa akichongea kitanda. Akamwomba Mama Dele glasi. Mama Dele akasema wateja watanywea wapi, lakini alikuwa tayari anazipanga ukingoni mwa baraza, akizijaza maji mwenyewe. Gia Tano alipewa kazi ya kukumbuka ipi ni ipi, akasimama nyuma ya glasi kama askari wa gwaride, akikariri majina midomoni. Watu waliokuja kunywa kahawa waliambiwa wasubiri, na waliposikia wanasubiri nini, wakainama nao.

Mkangazi ulitoa rangi ya chai. Mtiki ukaelea tu. Mvule ukachafua maji kidogo. Msonobari haukufanya lolote, na mkaratusi ukafanya wekundu dhaifu. Glasi ya mninga ilikaa vilevile, na Randa akaanza kugeuza uso. Kisha uzi ukashuka.

— Ni mninga, Randa alisema. Hakusema kwa fahari. Alisema kama mtu aliyegongewa mlango na ndugu aliyedhani amekufa. 

— Nimeukata mti huu tangu nianze kushika msumeno. Najua harufu yake, najua damu yake, maana ukiukata mbichi unatoa maji mekundu kama umemchinja mnyama. Nimeufagia kila jioni. Sikujua kwamba una hii ndani.

Akaeleza sababu iliyomfanya asiutambue: mninga yeye huutambua kwa harufu tamu na wekundu, na gitaa lilikuwa limepoteza vyote viwili. Akageuza kiwiliwili juani, na sasa alipojua anachotafuta akakiona, mistari inayopinda ndani ya weusi. Hapakuwa na kiungo. Kiwiliwili chote kilikuwa kipande kimoja, cha mti ambao watu wawili wasingeukumbatia. Tena mninga ni mtulivu, mvua na jua kwake ni sawa. Ndiyo maana shingo haikupinda miaka yote ile.

Lakini furaha ya Randa ilikuwa fupi. Mninga aliokuwa nao ulikuwa mbichi bado, uliokatwa msimu uliopita, na ungeendelea kujikunja mpaka ukauke. Alihitaji mninga mzee, uliokaa miaka mpaka ukamaliza mambo yake. Wapi pa kuupata, hakujua. Wembe akataja masanduku ya marehemu babu yake, kisha akakumbuka yalikuwa ya bati. Gia Tano akajitolea kwenda na lori popote.

Mama Dele alikuwa anazitazama glasi zake, na huenda zaidi alitaka zirudi kazini.

— Na benchi je? akauliza. Si mbao pia hiyo?

Randa alilikuta benchi lile pale. Alilirithi pamoja na karakana kutoka kwa fundi aliyemfundisha kazi, na hakuna mtu aliyewahi kulitazama, maana kitu unachokikalia hukitazami. Akaparua mwisho wake. Chini ya ule ukijivu mbao ilikuwa ya rangi ya asali. Maranda yakaingia kwenye glasi. Safari hii hata Wembe alikunja mikono kama yuko msibani.

Uzi ukashuka, wa buluu, ukazunguka polepole chini ya glasi, mpaka glasi nzima ikawaka kwenye jua la saa sita.

Gia Tano alikuwa wa kwanza. Alisema basi ni mti mmoja, benchi na gitaa, lazima, na fundi yule wa mji walikokwama na fundi aliyemfundisha Randa walikuwa mtu mmoja au ndugu. Randa akamjibu kwamba hilo hajui, na hatalijua. Alichojua ni kwamba alikuwa na mninga mzee wa kutosha, na kwamba wenye kukalia benchi ndio wa kusema. Kila mmoja akapendekeza kikatwe kipande alichokuwa akikikalia mwenzake. Mwisho ukakatwa upande wa Wembe, na Wembe akasema asiyekubali kushindwa si mshindani, kisha akashika ncha ya benchi kwa mikono yote miwili ili msumeno usitikisike.

Kazi yenyewe ilichukua siku kadhaa, na Randa hakutaka kusemeshwa. Pindo alisikia kutoka kwenye cherehani yake sauti za tupa, msasa, kimya, msasa tena. Randa alikichonga kipande mpaka mishipa yake ikafuatana na mishipa ya gitaa, akakitia gundi, akakibana kwa jiliwa. Alipoondoa jiliwa hakukipaka rangi nyeusi. Alimwuliza Pindo, na Pindo akasema kiache. Basi gitaa likawa jeusi lenye pembe moja ya rangi ya asali.

Mzee Solo alikuja mchana, kazi ilipokwisha, Pindo upande mmoja na Gia Tano upande mwingine, hatua ndogondogo. Wakamketisha kwenye benchi. Wembe alikuwa amevuka barabara na spika ya kinyozini kwake, ile inayowaimbia wateja, na waya ndefu. Randa aliweka gitaa mapajani mwa mzee bila hotuba.

Mzee akaigusa kwanza ile pembe mpya, akaipapasa, akaacha kiganja pale. Kisha mkono wa kushoto ukapanda shingoni na vidole vikakaa kwenye nyuzi, kila kimoja mahali pake, bila kutafuta. Akabonyeza. Hapakutoka kitu. Vidole vikahama, vikabonyeza pengine, na bado kimya, kwa kuwa mkono wa kupiga ulikuwa umelala. Mzee alikuwa akipiga wimbo mzima na hakuna aliyeweza kuusikia. Mama Dele akageuka upande wa jiko.

Pindo hakuwa amejifunza gitaa. Baba yake alitaka, yeye akataka cherehani. Akapiga magoti mbele ya benchi, akaingiza mkono wake wa kulia mahali ambapo mkono wa baba yake ungekuwa, na kidole gumba kilichosuguliwa na sindano akakipitisha kwenye nyuzi.

Spika ikalia. Sauti ilijaa baraza, ikavuka barabara, na Pindo aliihisi ikipita kwenye mbao hadi kwenye kifua cha baba yake na kurudi kwenye mkono wake. Alichelewa, akawahi, akakosa uzi. Mzee akamtazama na kumsubiri. Kisha Pindo akauacha mguu wake ukanyage, kama unavyokanyaga cherehani, na mkono ukaufuata mguu, na vidole vya mzee vikaufuata mkono. Ukawa wimbo. Wembe aliutambua, alioa kwa wimbo ule.

Mzee akafungua kinywa. Pindo alijiandaa kusikia kesho.

— Nifungulie, mama watoto, mzee akaimba, nimerudi na mvua mabegani.

Sauti ilikuwa imechakaa, lakini maneno yalikuwa mazima, kila moja na kichwa chake na miguu yake. Akaimba ubeti wote. Akaimba jina la utani la mkewe, ambalo Pindo hakuwa amelisikia tangu mazishi. Randa alikuwa ameitoa penseli sikioni na kuishika kwa mikono miwili. Pindo hakuthubutu kuinua uso. Alipiga tu, machozi yakidondoka kwenye gitaa na yeye akiogopa kuyafuta, asije akaukata wimbo.

Ulipokwisha, alimshika baba yake goti.

— Baba, akasema. Baba, nani alilichonga?

Mzee alimtazama kwa upendo mwingi, midomo ikahangaika.

— Kesho, akasema.

Kwenye ukingo wa baraza alikuwa amesimama mtu mmoja ambaye hakuna aliyemjua, mkono mmoja kwenye baiskeli. Alikuja kunyolewa, akakuta kinyozi hayupo dukani, akafuata sauti.

— Samahani wenzangu, alisema kwa adabu. Huyu mzee hawezi kuongea?

— Hawezi, Wembe akajibu. Ana neno moja tu.

— Sasa yale maneno ya wimbo yalikuwa wapi?

Gia Tano akavuta pumzi ya kuanza, akaishusha.  Wembe alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na methali ndani yake, ya tukio hili wala ya jingine. Akainuka kutoka kwenye kile kipande cha benchi kilichobaki upande wake, akampisha mgeni akae. Mama Dele akainamisha dele juu ya glasi, likatoa matone machache na kukauka.

Pindo alihisi kitu kikisogea karibu na sikio lake. Vidole vya baba yake vilikuwa vimeshahamia kwingine kwenye shingo ya gitaa, vimebonyeza, vinamsubiri. Akarudisha mkono kwenye nyuzi, akapiga.